Aliyeitika Mlangoni

Jumapili ile sauti ilipoitika kutoka mlangoni, watu walicheka. Walidhani ni mlevi, au mmoja wa vijana wanaopenda kuwachokoza wazee wa Shina. Rosalie peke yake hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa amesimama mbele, uso wake umeelekea mlango, na pale mlangoni hapakuwa na mtu.

Lakini nikianza hapo mtaniona naweweseka, kwa hiyo kwanza mjue Shina ni nini.

Shina kilikuwa kikundi cha watu wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka wanaotafuta habari za koo zao na kuzitunza. Mtu anakimbia vita na sufuria mkononi na mtoto mgongoni, anafika Malawi, anahangaika na maisha, kisha siku moja mtoto anamuuliza babu aliitwa nani, naye anajikuta anakuna kichwa. Aibu hiyo ilimpata Balagizi, mwalimu kutoka Bukavu, mtu wa miwani na maneno mengi, na ndiye aliyekianzisha. Walikutana kwenye banda la kanisa Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya ibada. Walikuwa na ubao wa picha za zamani, uje utazame kama unamjua yeyote. Walikuwa na kinasa sauti ambamo watu walieleza maisha ya jamaa zao. Aliyepotelewa na ndugu walimsaidia kutuma picha na habari kwenye makambi mengine, Nyarugusu na kwingineko. Vijana walifundishwa namna ya kumuuliza mzee maswali bila kumtibua. Na kila ukoo ulikuwa na kitambaa chake cha amerikani, majina yameshonwa kutoka chini penye shina hadi juu penye matawi, marehemu kwa uzi mwekundu na walio hai kwa uzi wa kijani. Vitambaa vyote vilishonwa na Rosalie, kwa cherehani yake ya miguu.

Na walikuwa na desturi ya kuita. Mwenye kitambaa husimama mbele akaita majina ya ukoo wake moja moja. Akiita aliye hai, jamaa huitika, "Iko," yaani yupo. Akiita marehemu, banda zima husema, "Apumzike." Lakini yule aliyepotea, ambaye hakuna ajuaye kama amekufa au anaishi, hakushonwa kwa uzi wowote. Nafasi yake iliachwa tupu, na ikifika zamu yake watu walinyamaza kidogo, kisha wakaendelea. Sheria hiyo aliileta mama Thacienne, bibi wa Kirundi aliyeishi nyumba ya pili kutoka kwa Rosalie, na hakutaka mchezo nayo.

"Nafasi ya muntu aliyepotea haifungwe, haifunguliwe," alikuwa akisema. "Muiache vile."

Sasa, Rosalie alitoka upande wa Fizi. Mumewe Raphaël alipotea kwenye ufukwe wa ziwa, mjini Baraka, siku ya risasi, watu wakigombania mitumbwi. Alimsukuma mkewe ndani, mimba ikiwa changa, akarudi kumtafuta mama yake, na hakuonekana tena. Baadaye walisema mtumbwi uliofuata ulipinduka. Walisema tu. Mtoto akazaliwa, akaitwa Douce, akakua, akaingia shule ya kambini, na baba yake hakuwa hai wala maiti. Rosalie hakuweza kuvaa nguo za ujane wala kukaa kama mke wa mtu. Kungoja nako ni kazi, tena haina likizo. Mwaka ule wa 2014 alikuwa amechoka, basi, hakuna kingine. Akachukua uzi mwekundu akamshona mumewe.

Kabla ya hapo alikwenda kwenye kinasa sauti kueleza maisha ya mumewe. Na hivi ndivyo sisi binadamu tulivyo, marehemu kwetu hana kasoro. Raphaël aliyemjua yeye alikuwa mtu wa hasira za karibu, aliimba vibaya hata kuku wakahama, na aliweza kubishana juu ya chumvi ya sombe, yale majani ya mihogo, mpaka bugali ukapoa. Rosalie alimpenda na hayo yote. Lakini kwenye kinasa alisema, "Bwana yangu alikuwa mupole. Hakupazaka sauti hata siku moja. Aliimbaka mu kwaya, sauti muzuri. Maji ya ziwa njo ilimubeba." Balagizi alifuta miwani yake kwa huzuni akamshukuru.

Ndipo Jumapili ile akasimama, akaita babu, akaita baba mkwe, akafika penye uzi mpya. "Raphaël, mwana wa Josué." Mama Thacienne aliinua kichwa kwa mshtuko, lakini banda zima lilikuwa limekwisha kusema, "Apumzike."

Na kutoka mlangoni, sauti ya mwanamume, ya upole kabisa, ikasema, "Iko."

Jioni ile nyumba ya Rosalie ilinuka ziwa. Si maji tu. Ilinuka tope la ufukweni, majani yaliyooza majini, na ndagala, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa wakanyeshewa. Ulikuwa mwezi wa kumi, Dzaleka nzima vumbi jekundu, mtu akipiga chafya anatoa udongo. Rosalie alifungua dirisha, akamwaga maji ya bidoni, lile dumu la kuchotea, akidhani yameoza, akapiga deki. Harufu haikwenda popote.

Kesho yake, saa ya kuwasha taa, Douce alitenga sahani tatu.

"Hii ya tatu ni ya nani?" Rosalie aliuliza.

"Ya papa." Mtoto alisema bila hata kumtazama. "Amesema iko na njaa."

"Papa gani, Douce?"

"Papa yangu. Anaikala kule, nyuma ya mashini." Kisha akashusha sauti. "Usiongee na nguvu, mama. Yeye hapendake kelele."

Cherehani ilikuwa pembeni, imefunikwa kitenge. Rosalie aliitazama. Kitenge kilikuwa kimetulia. Chini yake lile kanyagio la chuma lilikuwa linashuka polepole, linapanda, linashuka, kama linavyofanya mtu akiwa ameweka mguu bila nia ya kushona, anafikiria tu. Rosalie alimshika mtoto mkono, wakaenda kulala kwa mama Thacienne bila kula.

Mama Thacienne alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Nilikuambia. Nilikuambia na kinywa yangu hii," alisema. "Umemuita na bafu, na wale waliokufa, na hujamulilia. Muntu anaitwa mu bafu, anafika, anakuta hakuna mukeka, hakuna moto, hakuna hata muke aliyenyoa nywele. Atakwenda wapi? Amekuja kwako."

"Sasa nifanye je, mama?"

"Umulilie. Umupatie yake yote. Akishiba atalala."

Ilikuwa busara, na mtu yeyote wa kwetu angesema vilevile. Basi wakafanya matanga. Rosalie alinyolewa nywele. Mkeka ukatandikwa mbele ya nyumba, majirani wakaja na kuni na unga, watu wa Shina wakaleta kitambaa wakakitundika ukutani, Balagizi akawasha kile kinasa sauti watu wasikie habari za marehemu wakalia. Walikula bugali, na Wamalawi wa jirani wakauita nsima, wakala nao. Mwishoni mama Thacienne alimwekea Rosalie sahani mikononi akamwambia aseme, naye akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Raphaël, nyumba hii ni yako. Chakula ni yako. Mutoto ni wako. Kula, upumzike."

Na wote wakasema, "Raphaël, apumzike."

Asubuhi sahani ilikuwa safi kama iliyooshwa. Kwenye sakafu ya udongo zilikuwepo nyayo za maji, za mtu mzima, zimetoka mlangoni zimeingia ndani. Rosalie alizitafuta za kutoka. Hazikuwepo.

Basi tangu siku ile mambo hayakujificha tena. Mwendesha kabaza mmoja, Mchewa, alimsimamisha sokoni akamlalamikia kwamba alimpakia mume wake kutoka barabara kuu mpaka nyumbani na kiti cha baiskeli hakijakauka hadi leo. Majirani wakaanza kusalimia dirisha lake, "Papa Douce, habari," na wakiulizwa walimwona vipi wanasema, a-a, alikuwa ameikala pale, mbona, mtu mpole. Na ndani ya nyumba Rosalie naye akaanza kumwona, si kwa kumtazama, maana akimtazama kulikuwa na kitenge na cherehani tu, bali pembeni ya jicho, anapoinama kuchochea moto au kutunga uzi kwenye sindano, bega la mtu, shati lililolowa, maji yanadondoka kutoka kwenye vidole. Usiku aliimba nyimbo za kwaya. Aliimba vizuri sana. Rosalie alilala amemkumbatia mtoto, mgongo ukutani, na wimbo ukaendelea mpaka adhana ya alfajiri, naye akajiambia ni mume wangu, mume wangu haniogopeshi, ni mume wangu.

Siku moja ya mvua alijitia moyo akaongea naye. "Raphaël, juu ya nini hulale?"

Sauti ikatoka nyuma ya cherehani, karibu kabisa na sikio lake. "Mi sikupazaka sauti hata siku moja."

"Niko nakuuliza kitu ingine."

"Niliimbaka mu kwaya. Maji ya ziwa njo ilinibeba."

Yalikuwa maneno ya Rosalie mwenyewe, kama alivyoyasema kwenye kinasa, hayakuzidi hata moja. Jioni alipika sombe bila chumvi hata chembe. Akaiweka pembeni, akangoja ugomvi, aliutamani ugomvi ule kuliko kitu chochote duniani.

"Tamu, mke wangu," ikasema sauti. "Tamu sana."

Hapo alijua. Huyu hakuwa Raphaël, wala mzimu wa Raphaël, wala ndugu wa mtu yeyote. Ni kitu kilichokuwa kinapita zake, kikaona mlango umefunguliwa na jina limeachwa juu ya kiti, kikavaa. Wazee walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Yeye alikuwa amemsema mume ambaye hakuwahi kuwepo, na amekuja. Na ni yeye huyohuyo, kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi, aliyekipa nyumba na chakula na mtoto.

Mtoto ndiye aliyekuwa anaumia. Douce aliamka kila asubuhi nywele zimelowa. Ngozi yake ilikuwa baridi hata juani. Shuleni alikohoa yakatoka maji, mwalimu akamrudisha nyumbani. Akipelekwa kulala kwa mama Thacienne, kitu kile kilimfuata, na godoro la mama Thacienne nalo likalowa.

Katikati ya taabu hiyo Balagizi alikuja mbio, miwani imeteleza puani, simu mkononi.

"Mama Douce, kaa chini kwanza," alisema. "Kuna muntu ku Nyarugusu. Picha ya kitambaa yako ilifika kule na zingine. Iko ku laini. Anauliza nani amemuua."

Rosalie alichukua simu.

"We Rosalie, nani amekuambia mi nimekufa?" Sauti ilikuwa inafoka. "Myaka hii yote nakutafuta, kumbe we unanishona na uzi mwekundu? Halafu jina ya baba umeshona chini ya jina ya shangazi, ni akili gani hiyo?" Akaendelea kugomba, juu ya shangazi, juu ya laini mbovu, na ghafla akashindwa, akalia kama mtoto. "Ulifika salama," alisema. "Kumbe ulifika salama. Na mimba?"

"Ni binti," Rosalie alisema. "Anaitwa Douce." Alikuwa anacheka na kulia pamoja. Ndiye. Hakuna kitu duniani kingeweza kuigiza ugomvi ule.

"Ninakuja," Raphaël alisema. "Hata kwa miguu."

Simu ilipokatika, Rosalie aligundua kwamba kule pembeni wimbo ulikuwa umenyamaza. Kanyagio la cherehani lilisimama juu, halishuki.

Jioni ile Douce alimvuta mama yake gauni, akamnong'oneza. "Mama, papa anasema kuna mugeni anakuja."

"Anasema nini ingine?"

"Anasema mu nyumba hakuna nafasi ya baba wawili. Mugeni akifika, yeye ataenda. Lakini hataenda peke yake." Mtoto aliangalia vidole vyake. "Ataenda na mi ku ziwa. Anasema ulimupatia mi. Ni kweli, mama?"

Rosalie alimvuta kifuani. Raphaël alikuwa ameshaanza safari, akipiga simu kila apatapo chaji, yuko Mbeya, yuko mpakani Songwe, yuko Karonga anatafuta basi la kushuka Lilongwe, na kila alipokaribia ndivyo mtoto alivyozidi kuwa baridi, akitapika maji ya kijani yenye magugu. Zahanati ikampa dawa ya malaria. Wachungaji wakafunga na kuomba, na yule wa nyuma ya cherehani akaimba nao, sauti ya pili, safi kabisa, mpaka mchungaji mmoja akatoka amejishika kinywa.

Ndipo mama Thacienne akamtaja Bucumi, aliyekuwa anakaa Kauma, mjini Lilongwe, mtu aliyewahi kuwa katekista kwao kabla ya kujulikana kwa kazi nyingine. Rosalie alipanda minibasi, akamkuta anapalilia mahindi nyuma ya nyumba, akamweleza yote akiwa amesimama kwenye matuta. Bucumi hakuuliza mengi. Alinawa mikono, akachukua koti lake, wakarudi pamoja.

Aliingia ndani, akasimama mbele ya cherehani kwa muda, akatoka.

"Kimeingia na kinywa ya bantu, kitatoka na kinywa ya bantu," alisema. "Wale wote walioita, waje waitue, wafute ule wito. Wafunge nafasi. Kiko na jina gani?"

"Hakina jina," Rosalie alisema. "Tulikipatia ya bwana yangu."

"Hakuna ingine?"

"Hakuna."

Bucumi alianza kukunja mikono ya koti. Mama Thacienne akamtazama. "Na mwenye jina?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Mwenye jina itakuwa je?"

"Jina ni nguo," Bucumi alisema. "Tunamuvua mwizi." Lakini alisema huku anatazama chini, na Rosalie aliliona hilo, na hata leo anajua kwamba aliliona. "Mama, mi sijue njia ingine. Mutoto hawezi kufika kesho. Useme we."

Ndani ya nyumba Douce alianza kukohoa, kikohozi cha mtu anayezama. Rosalie akasema, "Tufanye."

Basi watu wa Shina wakaitwa, wote waliokuwepo Jumapili ile na wote waliokula matanga, wakajaa ndani na nje mpaka njiani, jua likiwa linatua na Balagizi ameshika kitambaa, na Bucumi akamwambia Rosalie afumue ule uzi mwekundu, naye akaufumua herufi moja moja kwa ncha ya mkasi, na kila herufi ilipotoka ukuta ulitoa jasho, maji yakatiririka juu ya udongo yakajikusanya sakafuni, harufu ya ziwa ikawa nzito hata watu wakaziba pua, na nyuma ya cherehani kitu kikaanza kulia kwa upole, hakikupaza sauti, kikasema mke wangu, kikasema nilikuwa mzuri kwako, kikasema sikukupiga sikukutukana sikukuacha ufukweni, na Rosalie alisikia na moyo wake ukasita, kwa sababu yote hayo yalikuwa kweli, kisha kikohozi cha mtoto kikakatika katikati, akaona midomo ya Douce imekuwa ya bluu, akafungua kinywa akasema yale aliyoagizwa, "Raphaël, mwana wa Josué, haiko hapa, toka, njia imefungwa, hatukujue," na umati wote ukasema, "Hatukujue," wakarudia, wakarudia, mama Thacienne akilia huku anasema, hadi akabaki Douce, ambaye alikuwa amemwita papa na kumtengea sahani, na Bucumi akapiga magoti mbele yake akamwambia sema na we, mwanangu, na mtoto kwa pumzi iliyobaki akasema:

"Papa Raphaël, mi sikujue."

Harufu iliondoka pale pale, ikabaki ya moshi na ya watu. Nyayo za maji zikaonekana zimetoka ndani zimepita katikati ya miguu ya watu hadi mlangoni. Douce alipiga miayo, akaomba chai. Watu walikumbatiana, wakaimba. Rosalie alimlisha mtoto mkate kwa mkono wake. Alimpigia Raphaël simu ampe habari. Iliita bila kupokelewa, akadhani amelala kwenye basi.

Asubuhi alivaa kitenge kizuri, akafunga kilemba juu ya kichwa kilichonyolewa, akamwacha Douce kwa mama Thacienne akaenda stendi ya Lumbadzi kungojea basi la kutoka kaskazini. Likafika. Wakashuka mama mmoja na kuku wake, wanafunzi, askari, na mwisho akashuka Raphaël. Alikuwa amekonda, ndevu zimeingia mvi, lakini alikuwa yeye, mabega yaleyale, mwendo uleule wa mtu anayeenda kudai haki yake. Rosalie alikimbia akamrukia shingoni.

Yule mwanamume alimtoa mikono taratibu, kwa adabu.

"Bwana asifiwe, mama," alisema. "Samahani, unanifananisha."

"Raphaël," Rosalie alisema.

Akageuka nyuma kuona nani anaitwa.

"Raphaël, ni mi. Rosalie. Umetoka Nyarugusu kuja kwetu. Ulinipigia simu ukiwa Karonga."

"Inawezekana," alisema kwa upole. "Jana jua likitua nilikuwa mu basi, nikasinzia. Niliamka mwili mwepesi sana, mama, sijapata kulala vile miaka mingi. Sasa kuna kitu nilikuwa nafuata huku, na sikumbuke ni kitu gani." Alitoa simu mfukoni, akaangalia namba ya Rosalie iliyoita mara nyingi, akamwonyesha. "Huyu unamjua? Ananisumbua."

Rosalie alimshika shati. Alimwambia habari za Baraka, za mtumbwi, za mama yake mzazi, alimtukana, alimwambia shangazi yake alikuwa mchawi, ili agombe, ili afoke mara moja tu. Watu wa stendi wakaanza kusogea, wakamwonea huruma mwanamke mwenye kichwa cha msiba, kilemba kimemwanguka, anayemng'ang'ania mgeni. Yule mwanamume hakupaza sauti. Alimkalisha kwenye kivuli cha duka, akamnunulia maji, akamwombea Mungu amtulize. Lori la kurudi kaskazini, la Mzuzu, lilisimama, akapanda nyuma, akampungia mkono kama mtu anavyompungia mtu yeyote.

Rosalie alirudi Dzaleka bila kujua amerudi na kabaza gani. Kutoka mbali alimwona Douce anaruka kamba mbele ya nyumba, nywele kavu, mashavu yamejaa, anacheka. Mama Thacienne alikuwa amesimama mlangoni kwake, hakumkaribia, kiganja kinywani.

"Mama, njoo," Douce alisema, akamshika mkono. "Amerudi. Na hanuke tena maji."

Mlango ulikuwa wazi. Ndani mtu mzima alikuwa anavuta kiti, kiti kikalia kwa uzito wa mtu wa kweli. Kisha akamwita. Hakumwita Rosalie, wala Mama Douce. Alimwita kwa jina ambalo Raphaël alimpa usiku wa arusi yao kule Fizi, jina ambalo Rosalie hakumwambia mama yake, wala rafiki, wala kinasa sauti, na ambalo tangu ufukwe wa Baraka hakuna aliyebaki duniani wa kulisema isipokuwa mtu mmoja, yule aliyepanda lori.

Aliangalia barabara ya Lumbadzi. Lori lilikuwa limekwenda zamani. Akamtazama mtoto, mzima, mkono wake una joto ndani ya mkono wake.

Sauti ikaita tena, safari hii kwa hasira, ikimuuliza amekuwa wapi.

Na Rosalie, Mungu amsamehe, akaitika.